Mipaka ya Serikali na Wajibu Wake: Uchambuzi Kutoka Bonde la Subukia

Swali la mipaka ya serikali aghalabu huulizwa kana kwamba ni swali la kipimo: iwe kubwa au iwe ndogo, ifanye mengi au ifanye machache, itoze sana au itoze kidogo, na waulizaji wakiisha kulitamka hivyo hugawanyika papo hapo mafungu mawili, fungu moja likiona katika kila ofisa mnyang'anyi wa uhuru, na fungu la pili likiona katika kila mpaka kizuizi cha maendeleo, na mabishano yakaenda hivyo mpaka kila mtu akarudi kwake na rai ile ile aliyokuja nayo. Nina shaka kama swali lililoulizwa kwa namna hiyo lina jawabu. Nchi moja yaweza kuwa na serikali yenye mkono mrefu mno katika jambo hili, na isiyo na mkono kabisa katika jambo lile, kwa wakati mmoja na juu ya watu wale wale, na watu hao wakaumizwa na urefu wa mkono na kukosekana kwake sawasawa. Ili maneno haya yasielee hewani, na tuyapeleke mahali pamoja panapojulikana, tuyapime huko.

Subukia ni bonde lililoko kaskazini-mashariki ya mji wa Nakuru, penye barabara iendayo Nyahururu, ambapo msafiri aliyetoka katika baridi ya Bahati huteremka kwa mapindo makali mpaka kwenye mashamba ya kahawa, mahindi na nyanya. Wakatoliki wa Kenya nzima hulijua kwa sababu ya mahali patakatifu pa kitaifa pa Bikira Maria, wanapokwenda kuhiji. Wanasiasa hulijua kwa kuwa ni eneo bunge mojawapo katika 11 ya Kaunti ya Nakuru, lenye wadi 3, Subukia, Waseges na Kabazi. Ndani ya eneo hilo yumo chifu na naibu wake, yumo naibu wa kamishna wa kaunti aliyeletwa na Nairobi, yumo msimamizi wa kaunti ndogo aliyeajiriwa na serikali ya gavana, wamo wawakilishi wa wadi, na yumo mbunge mwenye mfuko wake wa basari na madarasa. Mkaazi wa huko hana upungufu wa serikali. Mashaka yake huanza pale kivuko kinapobebwa na mvua au zahanati inapoishiwa dawa, asijue ni nani katika jamaa hao wote wa kumshika ukosi.

Kabla ya hao wote palikuwa na malisho. Wamaasai walilisha ng'ombe katika Bonde la Ufa la kati, na mwaka 1904 wakubwa wao, laiboni Olonana akiwa mbele, waliwekeana mkataba na serikali ya himaya ya Waingereza kwamba watalihama bonde lililopakana na reli, wengine waende Laikipia na wengine kusini, na kwamba nchi hizo mbili zitakuwa zao maadamu wapo duniani kama taifa. Maadamu hiyo ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 uliletwa mkataba wa pili, wa kuwatoa Laikipia nayo, kwa kuwa masetla walikuwa wameiona na kuipenda. Lakini lililofuata ndilo linalotuhusu hapa. Baadhi ya Wamaasai, Ole Njogo akitajwa wa kwanza katika shauri, hawakushika mikuki. Walimshika wakili, wakaishitaki serikali mwaka 1913 kwamba imevunja ahadi yake. Mahakama haikusema kwamba ahadi haikuvunjwa. Ilisema kwamba haina idhini ya kuuliza: mkataba ule, kwa hukumu yake, ulikuwa tendo la dola na dola, Wamaasai walikuwa watu wa kigeni mbele ya Mfalme ijapokuwa nchi yao ilitawaliwa na watumishi wake, na kwa hiyo hapana hakimu katika himaya aliyeweza kuyasikiliza malalamiko yao. Rufaa nayo ikatupwa. Mtu yule yule alitosha kuwa raia wa kuhamishwa, asitoshe kuwa raia wa kusikilizwa.

Wanafunzi wa sheria husoma shauri hilo kama kisa cha zamani, kisha wakapita. Mimi naliona kuwa ndio mlango wa suala zima. Mpaka juu ya serikali ulikuwapo siku zile, umeandikwa na kutiwa sahihi, na maneno yake yalikuwa mazito kupita mengi yaliyoandikwa baadaye. Lakini mpaka wa maandishi ambao hapana mahali pa kuudai ni sawa na deni lisilo na shahidi wala kadhi, na mdaiwa mwenye nguvu hulipa apendapo.

Wala isidhaniwe kwamba wazo la kuwekea utawala mipaka lililetwa Afrika ya Mashariki na meli za Wazungu. Mji wa Lamu, kabla ya kuingia mkono wa Oman baada ya vita vya Shela, uliendeshwa na wazee wa baraza la Yumbe bila ya mfalme mmoja wa kuwaamrisha wote. Wagikuyu, ambao wajukuu wao ndio wengi wa wakaazi wa Subukia leo, walikuwa na ada ya ituika, ambayo kwayo kizazi kizima kilichoshika hukumu kililazimika, muda wake ukitimia, kukabidhi hukumu kwa kizazi kilichofuata. Na serikali ya kikoloni, haikosi kwa kuelewa vema maana yake, iliizuia ada hiyo katika miaka ya 1920. Waliozuiliwa hawakuwa na Montesquieu, lakini walijua kwamba mtu akikaa sana juu ya kiti husahau kwamba alikikuta.

Basi Subukia ikawa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, chini ya sheria ya ardhi ya 1915 iliyowawezesha masetla kukodi mashamba kwa miaka 999, muda ambao hapana nabii aliyeuahidi kwa ukoo wake. Wagikuyu waliokuja kutoka Kiambu, Murang'a na Nyeri kutafuta malisho na mahali pa kulima waliingia mashambani humo kama maskwota. Sheria ya 1918 iliwataka wamtumikie mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Na baada ya sheria ya 1937 kuzikabidhi halmashauri za masetla wenyewe uwezo wa kupanga siku na kupunguza mifugo, hesabu ikapanda katika baadhi ya wilaya hata siku 240 na 270. Shingoni mwanamume alivaa kipande cha kumtambulisha ndani ya kikopo cha chuma, na bila hicho hakuweza kuvuka kutoka shamba hata shamba.

Mtu akiuliza kama serikali ile ilikuwa kubwa au ndogo, hana budi naye kuulizwa: kubwa kwa nani? Kwa skwota ilikuwa kila mahali. Ilijua idadi ya mbuzi wake. Kwa setla ilikuwa mtumishi aliyekaripiwa hadharani: walikuwa na vyama vyao, magazeti yao na viti vyao katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1922 Uingereza ilipoelekea kuwapa Wahindi haki ya kura karibu na yao, baadhi yao walifikia kula njama ya kumteka gavana. Ukiacha upuuzi wa njama hiyo, mna funzo kubwa ndani yake, kwa sababu inaonyesha kwamba dola la kikoloni lilikuwa na mipaka halisi, iliyohofiwa na gavana mwenyewe, ila mipaka hiyo ililindwa na watu elfu chache kwa faida yao, na wengine wote wakaachwa nje ya ua.

Chombo kilichoifikisha serikali kwenye kizingiti cha mtu mweusi kilikuwa chifu. Sheria ya 1902 ya wakuu wa vijiji, na ya 1912 ya mamlaka ya wenyeji, zilimpa uwezo wa kuamuru, kukamata na kuwatoa watu kwenda kufanya kazi ya umma kwa lazima. Na linalostahili kukumbukwa ni kwamba uhuru ulipokuja, uwezo huo haukufutwa, ulirithiwa chini ya jina la Sheria ya Mamlaka ya Machifu. Mpaka mwaka 1997 chifu wa Kenya huru aliweza kukataza pombe, kuamuru nani aingie au atoke katika lokesheni, na kuwaita wanaume wenye afya kwenda kufanya kazi ya lazima, kwa maneno yaliyotungwa kwa ajili ya watu waliotawaliwa. Bendera ilibadilika juu ya paa la ofisi, na sheria iliyo kabatini ikabaki ile ile.

Ndiyo maana siamini hadithi isemayo kwamba katiba ya 1963 ilikuwa njema ikaharibiwa na watu wabaya. Ilikuwa njema kwa maandishi: ilikuwa na sura ya haki za raia, ilikuwa na Baraza la Seneti, ilikuwa na majimbo saba yenye mabunge yake, na makao ya jimbo la Bonde la Ufa yalikuwa Nakuru. Lakini iliwekwa juu ya utawala wa machifu, wakuu wa wilaya na wakuu wa mikoa ambao mazoea yao yote yalikuwa ya kuamuru, na waliotaka mipaka hiyo, chama cha KADU cha akina Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi, waliitaka kwa hofu ya makabila madogo zaidi kuliko kwa mapenzi ya sheria. Kwa hiyo KADU ilipojiunga na chama tawala cha KANU Novemba 1964, mipaka ilibaki yatima. Katika miaka 6 ya mwanzo katiba ilibadilishwa mara kama 10. Majimbo yalinyang'anywa uwezo, kisha yakafutwa, Seneti ikamezwa, mwaka 1966 ikatungwa sheria kwamba mbunge ahamaye chama chake apoteze kiti, nayo ililengwa kwa Jaramogi Oginga Odinga na wenzake wa chama cha KPU, na mwaka huo huo serikali ikajipa uwezo wa kumfunga mtu kizuizini bila ya kumshitaki.

Tanganyika ilikuwa imechagua njia nyingine. Ilipopata uhuru 1961 haikuandika haki za raia katika katiba yake hata kidogo, viongozi wake wakisema kwamba taifa changa halina nafasi ya kuzuiwa na mahakama katika kazi ya kujijenga, na mwaka 1962 ikatunga sheria yake ya kuweka watu kizuizini. Haki hizo hazikuingia katika katiba ya Tanzania mpaka 1984. Mtu mwaminifu akizilinganisha nchi hizo mbili mwaka 1970, moja yenye sura nzima ya haki na moja isiyo nayo, angepata taabu kuonyesha ni katika ipi mfungwa wa kisiasa alikuwa na tumaini zaidi la kufunguliwa na hakimu.

Kama wataka kuona maana ya mabadiliko hayo katika maisha ya mtu mmoja, mtazame Koigi wa Wamwere, aliyekuja kuwa mbunge wa Subukia kutoka 2002 hata 2007. Aliwekwa kizuizini mwaka 1975 bila mashitaka, akatoka mwishoni mwa 1978 baada ya kufa kwa Rais Kenyatta. Akachaguliwa mbunge wa Nakuru Kaskazini mwaka 1979. Akarudishwa kizuizini 1982 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti, akatoka 1984. Akaenda uhamishoni Norway. Akakamatwa tena 1990 na kushitakiwa uhaini, jambo lililozifanya Kenya na Norway zivunje uhusiano wa kibalozi. Akafunguliwa 1993, na kabla ya mwaka kwisha akakamatwa kwa kesi ya kuvamia kituo cha polisi cha Bahati, kesi iliyosikilizwa Nakuru na kumalizika Oktoba 1995 kwa hukumu ya miaka 4 na viboko. Mama yake, Monica Wangu, alikuwa miongoni mwa akina mama waliokaa na Wangari Maathai katika bustani ya Uhuru Park mwaka 1992 wakidai watoto wao, mpaka wakapigwa na polisi. Koigi si mtu wa kupendwa na wote, na maneno yake makali yamewaudhi wengi, hata marafiki. Lakini mipaka ya serikali haikuwekwa kwa ajili ya watu wapole.

Bunge lenyewe halikuwa maficho. Oktoba 1975 Martin Shikuku alidokeza bungeni kwamba wapo wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Alipotakiwa athibitishe, Naibu wa Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, akaamua kwamba jambo lililo dhahiri halihitaji ushahidi. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa katika majengo ya Bunge. Mwaka 1982 Kenya ikafanywa kwa sheria nchi ya chama kimoja. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wakaondolewa ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 majaji nao wakaondolewa ulinzi huo, na polisi wakaruhusiwa kumshika mshukiwa wa kosa la kifo siku 14 kabla ya kumpeleka mahakamani. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990 baada ya kelele nyingi.

Lakini katika yote hayo hapana lililonishangaza kama uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1989. Katiba ilisema kwamba mtu aliyevunjiwa haki aweza kwenda Mahakama Kuu, na kwamba Jaji Mkuu aweza kutunga kanuni za kuendeshea mashauri hayo. Majaji Wakuu waliofuatana hawakuzitunga. Waombaji walipokuja, wakaambiwa kwamba kwa kuwa kanuni hazipo, kifungu kizima hakifanyi kazi. Yaani uvivu wa ofisa mmoja, au hila yake, ulitosha kuifuta sura nzima ya haki za raia bila ya Bunge kupiga kura wala rais kutia sahihi. Kutoka 1913 hata 1989 ni miaka 76, na tawala mbili, na bendera mbili, na majaji wa rangi mbalimbali. Jawabu ni lile lile, kwamba mlalamishi huenda ana haki, ila hapana pa kumsikilizia.

Sasa na tuugeukie upande wa pili, ambao wapenda-uhuru wengi huuruka. Serikali hiyo iliyokuwa na nafasi ya kumfuata mwanasiasa mpaka uhamishoni, na chifu wake kunusa chungu cha busaa nyuma ya nyumba ya mjane, ilikuwa wapi Bonde la Ufa lilipowaka? Katika vita vya kikabila vya 1992 huko Molo, katika vile vya Januari 1998 huko Njoro, na katika maafa ya Januari 2008 yaliyoufikia mji wa Nakuru na Naivasha, raia walichomewa nyumba na kukatwa kwa mapanga. Na tume ya Jaji Akiwumi na baadaye ile ya Jaji Waki zilionyesha kwamba utawala wa mikoa na polisi walikuwa na habari mapema, na kwamba mahali pengine walijikalia kimya, na pengine walikuwa upande mmoja. Kazi ya kwanza ya dola lolote, iliyokuwapo kabla ya shule na barabara, ni kumkinga mtu na panga la jirani yake. Dola lisilofanya hilo halipati udhuru kwa kusema kwamba lilikuwa na shughuli nyingine.

Tena usiku wa 9 Mei 2018, baada ya mvua za masika kuzidi, bwawa la shamba moja la binafsi lilipasuka huko Solai, jirani na Subukia, maji na matope yakateremka juu ya makazi ya watu maskini wa bondeni, wakafa watu wasiopungua 47, wakiwamo watoto wengi. Ikabainika kwamba bwawa halikuwa na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ilhali sheria ya nchi ilikuwa imekitaka kibali hicho muda mrefu. Seneti ikaunda kamati, na kesi iliyofunguliwa Naivasha ikasuasua kwa miaka. Hapakuwa na sheria ya kutungwa. Hapakuwa na uwezo ambao serikali iliukosa. Palikosekana mtu wa kupanda kilimani na daftari, akalitazama bwawa, akaandika jina lake chini ya alichokiona. Na palikosekana pia mahali ambapo mkaazi wa bondeni, aliyeona maji yakivuja juu ya kichwa chake, angeweza kwenda kulalamika akajua kwamba atajibiwa.

Hayo mawili, kifungo cha mtu asiye na mashitaka na gharika ya bwawa lisilo na kibali, watu huyaweka katika sura mbalimbali za kitabu: la kwanza wakaliita udhalimu, na la pili wakaliita uzembe. Mimi nayaona yamezaliwa na mama mmoja. Ofisa ambaye hapana awezaye kumuuliza kwa nini ametenda, ndiye yule yule ambaye hapana awezaye kumuuliza kwa nini hakutenda. Akiachwa bila kuulizwa, atafanya lile lenye faida kwake au kwa mkubwa wake, na kumkamata mpinzani kuna faida ya haraka, na kukagua ukingo wa bwawa hakuna. Kwa hiyo wale wanaotuambia kwamba tuchague ama serikali yenye nguvu ya kuleta maendeleo ama serikali yenye mipaka ya kulinda uhuru, wanatupa uchaguzi ambao Bonde la Ufa halijawahi kuuona kwa macho. Lilichokiona ni serikali isiyo na mipaka, na kwa sababu hiyo hiyo isiyo na nguvu palipotakiwa nguvu.

Katiba ya 2010, iliyokubaliwa kwa kura ya maoni ya 4 Agosti na kutangazwa 27 Agosti na Rais Kibaki, iliandikwa na watu waliolijua jambo hili kwa uchungu, na athari ya uchungu huo inaonekana katika sehemu ndogo ambazo hotuba hazizitaji. Kifungu cha 22 kinasema kwamba mtu yeyote aweza kushitaki kwa ajili ya haki iliyovunjwa, yake au ya mwenziwe asiyeweza kujisemea. Kwamba hatatozwa ada. Na kwamba kukosekana kwa kanuni hakumzuii mtu kusikilizwa. Sentensi hiyo ya mwisho ni jibu la moja kwa moja kwa mwaka 1989, na sijui sentensi nyingine katika katiba yoyote ya jirani zetu iliyoandikwa kwa kumtazama usoni jaji fulani wa zamani namna hiyo. Kifungu cha 24 kinaitaka serikali, ikitaka kupunguza haki, ionyeshe yenyewe sababu iliyo ya insafu. Mzigo wa kuthibitisha umetoka kichwani mwa raia ukatiwa kichwani mwa mwenye mamlaka. Na kifungu cha 43, kinachotaja afya, chakula, makazi, maji safi na elimu, kinakataa kwamba kazi ya serikali ni kulinda amani tu.

Matunda yameonekana, ingawa hayakuiva sawasawa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais aliye madarakani. Machi 2022 mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba rais hana ruhusa ya kuitumia njia ya mpango wa wananchi kuibadilisha katiba, na hivyo mradi wa mabadiliko hayo, ulioitwa BBI, ukafa, ijapokuwa ilikataa rai ya Mahakama Kuu kwamba imo misingi katika katiba isiyoweza kuguswa kwa njia ya kawaida, na juu ya hilo naona Mahakama Kuu ilikuwa imeona mbali zaidi. Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, jambo ambalo wabunge wengi hawakulifanya, wakatoka barabarani Nairobi, Nakuru na kwingineko, na mswada ukaondolewa. Lakini makumi ya vijana waliuawa, na wengine wakachukuliwa na watu wasiovaa sare wasirudishwe kwa siku nyingi, kana kwamba hakuna kifungu kilichoandikwa. Mwenye kudai kwamba karatasi imekwisha kuutengeneza mkono wa dola, na awaulize wazazi wao.

Huko Subukia jambo la kila siku ni dogo kuliko hilo, na kwa maoni yangu ndilo gumu zaidi. Ugatuzi umezipa kaunti kilimo, zahanati na hospitali, maji, chekechea na barabara za vijijini. Nairobi ikabaki na polisi, shule za msingi na za sekondari, na barabara kuu. Jedwali la sita la katiba liliamuru utawala wa mikoa upangwe upya katika muda wa miaka 5 ili uiheshimu serikali ya kaunti. Ulipangwa, ndiyo: mkuu wa wilaya akaitwa naibu wa kamishna, na chifu akabaki chifu. Wapo wanaosema afutwe kabisa, na hoja yao ina nguvu ya historia. Lakini nenda kwenye baraza la chifu siku ya kawaida uone waliokuja: huyu ameporwa mpaka wa shamba na shemeji yake, yule anataka barua ya kitambulisho cha mwanawe, mwingine amepigwa na mumewe usiku. Wanakwenda kwa chifu kwa kuwa yu karibu, hana wakili mlangoni, na humtambua kila mtu kwa ukoo wake. Mwakilishi wa wadi huonekana msibani na wakati wa kura. Kumwondoa chifu bila kuweka karibu na watu wale mtu mwingine wa kuwasikiliza ni kuwarudisha walalamishi wa bondeni mahali pa Ole Njogo.

Na hapo ndipo unapoeleweka ubishi wa mfuko wa maeneo bunge. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2003, kabla ya kaunti kuwapo, nao umejenga madarasa na kulipa karo mahali ambapo wizara haikufika. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria yake ya 2013 ilivunja katiba, kwa kuwa mbunge hawezi kuwa mtunga sheria, mtumiaji wa fedha na mkaguzi wa matumizi hayo hayo kwa pamoja, na tena ndani ya kazi za kaunti. Na 20 Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema hayo hayo juu ya sheria ya 2015 iliyochukua mahali pa ile ya 2013, ikautaka mfuko ukome 30 Juni 2026. Kwa kipimo cha sheria sioni walikokosea majaji. Mamlaka yaliyogawanywa kwa jasho la miaka 47 hayafai kukusanywa tena mikononi mwa mtu mmoja kwa sababu ametoa fedha za karo. Lakini mzazi wa Kabazi mwenye mtoto kidato cha pili haoni mgawanyo wa mamlaka; anaona fomu ya basari, ofisi aijuayo, na muhula unaofungua Jumatatu. Hakuambiwa ni meza gani nyingine itakayompokea, na kwa muda gani, na nani atasaini. Bunge, lililokuwa na wajibu wa kuipanga meza hiyo, lilishika njia nyingine: mwaka 2025 wabunge walipitisha mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya katiba yenyewe, na walipouombea kibali vijijini hawakuhitaji kubembeleza sana.